Gari la kuvuta mashua Malindi: petroli au dizeli?

Mpwa wangu wa Mambrui alinipigia simu usiku, baada ya tarawehe. "Mjomba, nimeonyeshwa pikapu mbili. Moja ya petroli, moja ya dizeli, na bei zimepishana. Nichukue ipi?" Nikamuuliza mashua yake ina uzito gani. Akanyamaza. Nikamuuliza ataivuta kutoka wapi hadi wapi, na mara ngapi kwa mwezi. Akasema bado hajapiga hesabu hiyo. Nikamwambia alale, asubuhi aje Malindi tukae na karatasi.

Yale niliyomwambia asubuhi ile nayaandika hapa, kwa sababu kila mwaka wanakuja watu watatu wanne na swali hilohilo, na wengine huja wakiwa wameshalipa.

Kazi hii nimeifanya tangu 1998. Nilianza nikiwa utingo wa ami yangu. Kusi ikianza kuvuma, Aprili kwenda Mei, bahari inachafuka na wenye boti za kuvulia wanataka zitolewe majini. Nazitoa Mayungu, Watamu na huku kwetu karibu na gati, nazipeleka kwenye ua za wenyewe au kwa mafundi wa faiba Kilifi. Ikifika Agosti nazirudisha moja moja. Miezi ya katikati trela halilali: navuta embe kutoka Marafa, mawe ya matumbawe, matangi ya maji. Nimemiliki pikapu ya petroli kwa miaka minane, na sasa nina ya dizeli. Zote mbili zimenilisha.

Anza na kilo. Wenye mashua wengi hutaja futi. Ukiuliza uzito wanakwambia "ya futi 21", kana kwamba gari linavuta urefu. Chukua kalamu. Mashua ya faiba niliyoitoa Mayungu msimu uliopita ilikuwa hivi: bodi kilo 900, mashine mbili za nyuma, kila moja kilo 120, hizo 240, petroli lita 150 iliyobaki tangini, na lita moja ya petroli ni kama gramu 750, kwa hiyo kilo 112, nanga, minyororo, kamba na sanduku la barafu, kilo 120, trela lenyewe la chuma, kilo 450. Jumla kilo 1,822. Mwenyewe alikuwa ameniambia "kama tani moja hivi".

Halafu kuna maji ya ngama. Mashua iliyokaa majini miezi saba haikosi maji chini ya sakafu, na kila lita ya maji ya bahari inazidi kilo moja kidogo. Lita 200 ukizisahau umejiongezea zaidi ya kilo 200, tena zinazocheza mbele na nyuma kila unapokanyaga breki. Mashua ikishapanda trela, ukiwa bado mahali pakavu pa ufuo, toa kizibo cha nyuma usubiri maji yaishe. Ukiweza, nyonya na mafuta pia. Kazi ya nusu saa inakupunguzia mzigo kuliko tofauti ya injini yoyote.

Ukishapata jumla, fungua kitabu cha gari utafute uzito ambao gari limeruhusiwa kuvuta. Utakuta namba mbili: ya trela lenye breki zake, na ya trela lisilo na breki. Hii ya pili kwa pikapu nyingi ni kilo 750 tu. Injini yaweza kuwa na nguvu za kuvuta tani mbili, lakini breki za gari peke yake hazitazisimamisha mtoto akikatiza barabara pale Gede. Mpwa wangu alipoona namba ile alielewa kwamba kabla ya petroli na dizeli anahitaji trela lenye breki. Na uzito unaolalia chuma cha kufungia trela uwe kati ya sehemu 7 na 10 katika kila 100 za mzigo wote. Ukiwa mdogo kuliko hapo trela huyumba nyuma yako, ukizidi pua ya gari inapanda juu na usukani unakuwa mwepesi mkononi. Sogeza mashua mbele au nyuma juu ya trela mpaka ukae sawa.

Sasa injini. Ya petroli hunyonya hewa iliyochanganyika na mafuta, ikaibana kama mara kumi, kisha plagi ikatoa cheche. Ya dizeli haina plagi ya cheche. Hewa peke yake hubanwa mara 16 hadi 20 na zaidi, ikapata moto mkali kwa huko kubanwa, dizeli ikarushwa ndani na injekta ikawaka yenyewe. Ndiyo maana injini ya dizeli hutengenezwa nzito na ngumu. Na ikiwa na tabo, inayosukumiwa hewa kwa nguvu ya moshi wake, hutoa nguvu ya kuvuta ikiwa bado inazunguka polepole.

Nguvu hiyo ya kuvuta ndiyo utakayoiona kwenye karatasi za gari imeandikwa Nm. Watu hutazama nguvu za farasi, lakini kwa trela tazama Nm, na utazame zinapatikana kwenye mizunguko mingapi kwa dakika. Mfano ni Hilux, maana ndiyo iliyojaa huku. Ya petroli ya lita 2.7 hutoa kama Nm 245, lakini zinafika kamili karibu na mizunguko 4,000. Ya dizeli ya 2.5 yenye tabo, aina yake ya nguvu, hutoa Nm 343 kuanzia mizunguko 1,600. Trela linataka nguvu pale gari linapoanza kujongea, na hapo sindano iko kwenye elfu moja na kitu. Petroli ina nguvu zake, ila zimekaa juu, na ili uzifikie lazima ukanyage mafuta huku umeshikilia klachi nusu.

Lakini neno "dizeli" lisikupumbaze. Injini hiyohiyo ya 2.5 ina aina nyingine inayotoa Nm 260 tu, na nje magari yanafanana kama mapacha. Na ile dizeli ya zamani ya 3.0 isiyo na tabo, wanayoiita 5L, ina kama Nm 200, chini ya petroli ya 2.7. Nimeona mtu ameuza petroli nzuri akanunua 5L kwa kuamini kila dizeli ni ng'ombe wa kulima, akaja kushangaa kwenye mchanga. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ haina tabo vilevile, lakini ina silinda sita na lita 4.2, nayo hutoa Nm 285 kwenye mizunguko 2,200, inavuta taratibu siku nzima bila kulalamika. Kwa hiyo muuzaji akisema "ni dizeli, kaka", mwambie afungue boneti, soma namba ya injini kwenye kibati, uliza kama ina tabo, kisha nenda katafute Nm zake.

Nieleze kilichonifunza mimi, maana kiliniuma. Mwaka 2009 nilikuwa Mayungu na pikapu yangu ya petroli, siku ya bamvua. Nilitaka kutoa mashua maji yakiwa yamejaa ili nipunguze safari ya mchangani. Trela liliingia vizuri, mashua ikakaa. Nikaanza kupanda. Magurudumu ya nyuma yakachimba. Nikakanyaga mafuta zaidi ili nipate nguvu, klachi ikawa inateleza, nikasikia harufu yake. Nikajaribu mara ya tatu na ya nne, ikaisha kabisa. Injini inaunguruma na gari limesimama, na maji yalikuwa bado hayajafika mwisho wa kujaa. Yalifika kwenye vikombe vya magurudumu, kisha mlangoni. Vijana wa pale wakafunga kamba ndefu, trekta ikaja kutoka juu ikatuvuta sote, gari, trela na mashua. Trekta lenyewe lilikuwa Massey Ferguson ya kawaida, injini ya dizeli ya silinda tatu isiyozidi nguvu za farasi 50. Lilipanda kama halina kitu nyuma, kwa gia zake fupi na nguvu inayopatikana chini. Nilisimama pale nimelowa mpaka kiunoni, nikaelewa kitu ambacho kwa miaka kumi na moja nilikuwa nikikisikia tu kwa mafundi.

Si kwamba petroli haitoi mashua mchangani. Inatoa, ukiisaidia. Punguza upepo wa magurudumu hadi presha 16 au 18, na uwe na pampu ya kujazia kabla ya kurudi kwenye lami. Tumia gia nzito ya magurudumu yote manne, L4, si L4 ya kukwamuka baada ya kuchimba bali tangu mwanzo. Lililo bora kuliko yote, usiingize gari mchanga wa maji kabisa: acha trela liende chini kwa mikono, ufunge kamba nene ya mita 20 au zaidi, gari livute likiwa juu kwenye mchanga mgumu. Tandika makuti mbele ya magurudumu ya trela. Na uangalie maji: ingia yakiwa yanaanza kupwa, ili kila dakika ikupe ufuo zaidi badala ya kukunyang'anya. Mwenye gari la petroli akifuata haya hana haja ya kumwonea wivu mwenye dizeli. Gari la magurudumu mawili ya nguvu, liwe la mafuta gani, lisishuke ufuoni na trela.

Baada ya ufuo kuna barabara, na hapo ndipo pesa ilipo. Nina daftari. Petroli yangu ya 2.7 ikivuta tani na robo tatu hadi mbili ilikula lita 18 kwa kilomita 100, na trela tupu lita 14. Dizeli niliyo nayo hula lita 12 na nusu na mzigo, lita 10 na trela tupu. Sababu ziko mbili: injini ya dizeli hupata kazi zaidi katika moto uleule, na lita ya dizeli ni nzito kuliko ya petroli, kwa hiyo ina nishati zaidi ndani yake.

Kutoka Malindi hadi Kilifi ni kama kilomita 60. Kwenda na mashua na kurudi na trela tupu, petroli ilinila lita 19, dizeli lita 13 na nusu. Bei ya pampu hutangazwa na EPRA, mamlaka ya serikali ya nishati, tarehe 14 ya kila mwezi, na hubadilika, kwa hiyo weka ya mwezi wako. Mimi na mpwa wangu tuliweka 180 kwa petroli na 170 kwa dizeli, ya mfano tu: shilingi 3,420 dhidi ya 2,295. Tofauti ni 1,125 kwa safari. Zile pikapu mbili alizoonyeshwa zilipishana shilingi 300,000, ya dizeli ikiwa juu. Gawa. Unapata safari 267 kabla ya dizeli kurudisha ile nyongeza. Mwenye safari nne kwa mwezi atangoja zaidi ya miaka mitano na nusu. Mwenye safari kumi na mbili, chini ya miaka miwili. Na hapo hatujaweka injekta.

Maana dizeli ikiharibika, inaharibika kwa gharama. Petroli yangu ilipokosa nguvu nilibadilisha plagi nne, nyaya na chujio la hewa pale mjini, mchana nikawa kazini. Dizeli hizi za sasa hurusha mafuta kwa presha kubwa mno, zaidi ya mara elfu moja ya presha ya hewa tunayovuta, na injekta zake hazipendi uchafu hata chembe. Injekta zilipoanza kuvuja nilizipeleka Mombasa kupimwa kwenye mashine, gari likalala siku tisa katikati ya Aprili, mwezi ambao wateja hawangoji.

Basi ukinunua dizeli jifunze kulinda mafuta yake. Huku kwetu hewa ina unyevu, na tangi likikaa nusu tupu usiku hutoa jasho ndani, jasho linakuwa maji chini ya tangi. Mimi hujaza jioni. Chini ya chujio la dizeli kuna kijiti cha kufungulia maji. Kila wiki mbili weka kikopo chini, fungua, acha yatoke mpaka uone dizeli safi, funga. Usinunue dizeli ya madumu kando ya njia. Ilikuwa ikichanganywa na mafuta ya taa kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iondoke. Dizeli ndiyo inayolainisha pampu yake yenyewe. Mafuta ya taa ni makavu, na petroli ni kavu zaidi.

Hili la petroli linahusu sana watu wa mashua. Boti zetu zinatumia petroli, na mashine za zamani huchanganywa na oili, kwa kawaida sehemu moja ya oili kwa 50 za petroli. Dumu lake hukaa nyuma ya pikapu. Kijana wangu mmoja, mtu mwema na mchapakazi, alimimina dumu la boti kwenye tangi la dizeli akidhani anasaidia. Tulikwenda kilomita kama nane, injini ikaanza kugonga, ikazima karibu na daraja la Sabaki. Pampu ilikwisha. Tangu siku hiyo madumu yangu ya dizeli ni ya njano, ya petroli ni mekundu, na kifuniko cha tangi nimekiandika kwa rangi. Likitokea kwako na ukagundua kabla ya kuwasha, usiwashe hata kidogo, hata kusogeza gari kivulini. Sukuma, ukaushe tangi. Mwenye pikapu ya petroli ameepushwa na balaa hili kwa sehemu kubwa, na dumu safi lisilo na oili linaweza kwenda botini au garini.

Kuna jambo moja la magari ya dizeli yanayoletwa kutoka Japani ambalo wauzaji hawalisemi. Mengi ya karibuni yana chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Chujio hilo hujisafisha kwa kuunguza masizi, na ili liungue moshi lazima upate moto wa safari ndefu, barabara iliyonyooka, mwendo wa kudumu. Ukinunua gari hilo kwa kazi ya kutoa boti gatini na kuipeleka Shela, kilomita mbili, ukarudi ukazima, linaziba. Taa inawaka, nguvu zinapungua, halafu unaambiwa ununue jipya. Kwa kazi za mjini tu, mashua nyepesi ya tani moja, safari fupi fupi, nachagua petroli bila kusitasita. Kwa mzigo unaozidi tani moja na nusu, au safari za Kilifi, Mombasa na Garsen kila wiki, au vilima vya Marafa na tela la embe, nachagua dizeli yenye tabo. Katikati ya hapo tazama hali ya gari lenyewe, na fundi uliye naye karibu.

Chumvi haichagui. Kabla trela halijaingia majini acha habu zipoe. Zikiwa za moto zikizamishwa ghafla hewa ya ndani husinyaa na kunyonya maji ya bahari kwenye beringi. Tia grisi kila baada ya kuzamisha. Osha gari chini kwa maji ya bomba yanayotoka Baricho, si ya kisima. Visima vingi vya mjini kwetu vina chumvi, utakuwa unaosha chumvi kwa chumvi. Dizeli yenye tabo, ukitoka kuvuta, iache ingurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima.

Mpwa wangu hesabu yake ilitoka hivi: mashua ya futi 18, kilo 1,150 pamoja na trela, safari mbili kwa mwezi kati ya Mambrui na Ngomeni, na siku nyingine kubeba barafu na samaki hadi Malindi. Nilimwelekeza kwenye ile ya petroli. Lakini nilimkataza kulipa siku hiyo. Nenda asubuhi mapema, nilimwambia, injini ikiwa haijawashwa, uiguse kwa mkono uhakikishe ni baridi, maana muuzaji akiwasha kabla hujafika ameficha ugonjwa. Washa mwenyewe, utazame moshi. Wa bluu ni oili inaungua. Mweusi usiokoma ni mafuta mengi au hewa kidogo. Mweupe mzito, kwa dizeli, mara nyingi ni injekta, na kwa gari lolote waweza kuwa maji yameingia silinda. Fungua kifuniko cha oili injini ikizunguka. Upepo ukikupiga mkononi kwa nguvu, funga uage. Kisha omba ulifunge trela lenye mzigo, japo la matofali, ulipandishe mlimani kwa gia ya kwanza, usimame katikati, uondoke tena. Sikiliza klachi, unuse, utazame sindano ya joto. Muuzaji akikataa jaribio hilo, mrudishie ufunguo wake.

Alikwenda Jumamosi. Lile la petroli lilisimama katikati ya kilima likaondoka, sindano haikupanda. Jioni akaniletea picha ya kibati cha injini, nikaisoma namba, nikampa ruhusa.